Jinsi HiAce yetu ya dizeli ilivyopita kipimo cha moshi

Shule moja kwenye barabara ya Bombo, ile inayotoka Kampala, Uganda, ambayo hukodi HiAce yetu, basi dogo la Toyota, kubeba wanafunzi, iliwaandikia wenye magari wote kabla ya muhula kufunguliwa: kila gari lilete karatasi ya ukaguzi, na safari hii kipimo cha moshi kiwemo. Breki, taa na matairi tulivizoea. Moshi ulikuwa jambo jipya, na baadhi ya wenzangu walinung'unika kwamba shule inatafuta sababu ya kutubadilisha. Mimi nilifurahi. Watoto wale hupanga mstari nyuma ya gari wakisubiri mlango ufunguliwe, na wadogo vichwa vyao viko karibu na bomba la moshi kuliko kichwa cha mtu mzima yeyote. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Na hewa ya Kampala hatuikisii tena: mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukiipima kwa vifaa vyake tangu mwaka 2015, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuona vumbi laini linavyopanda asubuhi, saa zile zile tunazowapeleka watoto darasani.

Gari lenyewe ni la zamani. Injini yake Toyota huiita 3L, ingawa ni dizeli ya lita 2.8, isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) wala kompyuta, ile ile iliyobeba kamunye, teksi za abiria, nyingi za nchi hii. Sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini haikuyagusa yaliyokuwa yameshaingia. Kwa hiyo injini hizi bado tunazo, na kazi ya kuzifanya ziungue safi ni yetu sisi wenyewe.

Kabla fundi hajashika spana, nilitaka kujua tuko wapi. Tulipata gereji mjini yenye mashine ya kupima moshi. Inafanya kazi hivi: injini ikishapata moto, dereva anakanyaga mafuta haraka hadi chini, injini inapanda mpaka mwisho wa mzunguko wake, halafu anaachia. Hilo hurudiwa mara kadhaa. Mashine inapitisha mwanga ndani ya moshi na kuhesabu kiasi kilichozuiwa; namba ikiwa kubwa, moshi ni mzito. Kikomo tulichopewa kilikuwa 2.5, ambacho ndicho wanachotumia Ulaya kwa dizeli za zamani zisizo na tabo. Sisi tulipata zaidi ya 4.

Ushauri wa mtaani ulikuja kabla hata hatujafika nyumbani. Mmoja alisema tuchanganye mafuta ya taa kwenye tangi siku ya kipimo. Mwingine alisema tuazime nozo, zile ncha zinazopuliza dizeli ndani ya injini, za gari la jirani, tupime, kisha tuzirudishe. Wa tatu akasema skrubu ya pampu ya dizeli, ile ya kuongezea mafuta, ipunguzwe asubuhi na irudishwe jioni. Nilikataa yote. Mafuta ya taa ni mepesi, na pampu ya injini hii inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Ukiinyima ulaini huo unaila polepole. Hizo hila mbili nyingine zinampita mkaguzi tu. Mtoto anayesimama nyuma ya gari siku ya pili atavuta moshi ule ule.

Nikampelekea gari fundi wetu wa Bombo, Mnubi mmoja mtu mzima ambaye amefungua injini hizi tangu ujana wake. Nilimwuliza, “Hajji, tuanze na pampu?”

“Hapana, dada. Pampu ndiyo mwisho. Kila mtu anakimbilia pampu, ndiyo maana zimeharibika. Lete kwanza filta ya hewa niione.”

Alinieleza rangi za moshi, na nikaona nilikuwa nikiishi nazo bila kuzisoma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usioisha hata injini ikiwa moto ni dizeli isiyowaka, au maji yanaingia. Mweusi, kama wetu, ni dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza yote. Na dizeli inakosa hewa kwa njia mbili tu: ama hewa ni chache, ama mafuta ni mengi au yanaingia vibaya. Kazi yote iliyofuata ilikuwa kuitafuta kila sababu kwa zamu yake.

Filta ilionekana safi kwa nje. Hajji aliitoa, akaweka taa ya simu ndani yake, na mwanga haukupita. Gari letu huingia njia za vumbi la maramu kuchukua watoto wa vijijini, na vumbi lile jekundu linaziba karatasi kabla ya muda ulioandikwa kwenye boksi. Kibaya zaidi, mpira wa ukingo ulikuwa mwembamba usiofunga vizuri, na ndani ya bomba la hewa, baada ya filta, kulikuwa na mstari wa vumbi. Maana yake injini ilikuwa inanyimwa hewa na bado inakula mchanga. Filta za bei rahisi zimejaa madukani, na ninawaomba wenye magari wenzangu wazikatae: binya mpira, hesabu mikunjo ya karatasi, linganisha na ya zamani iliyokuja na gari. Bomba la mpira la kupitishia hewa nalo lilikuwa limelegea. Injini ikivuta kwa nguvu, linajikunja kwa ndani. Tulibadilisha vyote viwili. Moshi ulipungua hata kwa macho.

Nozo ndizo zilizonifundisha mengi zaidi. Hajji alizitoa zote nne, tukazipeleka kwa fundi wa nozo Kampala, karibu na Kiseka, ambako spea za magari ndizo biashara ya kila mlango. Anaifunga nozo kwenye kifaa chenye mkono wa kusukuma na geji ya presha, anasukuma, na wewe unaangalia. Nozo nzuri hutoa ukungu mwembamba unaosambaa sawasawa, kisha inakata mara moja. Kati ya zetu, mbili zilikuwa zikikojoa pembeni na kuacha tone ncha ya nozo. Tone lile ndilo moshi: halipati hewa, linaungua nusu, linatoka likiwa masizi. Kama kuna jambo moja ningependa kila mwenye dizeli ya zamani alione kwa macho yake, ni hilo. Usimwambie fundi akuletee jibu. Nenda usimame pale, uone ukungu.

Tulinunua ncha mpya nne, siyo mbili, na nilisisitiza kila moja ipimwe kwenye kifaa kile kile kabla ya kulipa. Mpya dukani haina maana ya nzima. Fundi alizisawazisha presha kwa visahani vyembamba mpaka zote zikafunguka karibu sawa, na Hajji akazifunga kwa washa mpya za shaba. Washa za zamani hazirudishwi, zikivuja utasikia injini inatoa pumzi.

Tukarudi kwenye mashine, na namba ikawa karibu 3. Bado.

Sasa pampu. Skrubu ya kuongezea mafuta huja na kizuizi cha kiwandani ili isiguswe ovyo. Yetu haikuwa na kizuizi, na alama za bisibisi zilikuwa nyingi juu yake. Mafundi huigeuza iongeze mafuta kwa sababu dereva analalamika gari halipandi mlima likiwa limejaa. Lakini huku kwetu jambo hilo lina uzito wa pekee: Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kabale, karibu mita 2,000, ni nyepesi zaidi. Pampu hii haina kompyuta ya kujua hilo. Ukiiongezea mafuta mahali penye hewa chache, unachokiongeza kwa kweli ni masizi.

Dereva wetu alipinga, na sikumpuuza, kwa sababu yeye ndiye anayepanda milima na watoto ndani. “Bosi, mkipunguza mafuta gari litalala njiani.” Tukakubaliana: pampu ipelekwe kwenye mashine ya kupimia, irudishwe kwenye kiwango chake, taimingi yake, yaani wakati inapoingiza mafuta, iwekwe kwa geji inapofungwa, kisha yeye alipandishe gari kilima cha Namirembe likiwa na mzigo, na neno lake lisikilizwe. Alirudi akasema linataka gia ya chini mapema kidogo, lakini linavuta. Sikushangaa sana. Moshi mweusi ni mafuta yaliyolipiwa ambayo hayakuvuta gari. Kuyaondoa hakuondoi nguvu nyingi hivyo.

Kabla ya kipimo cha mwisho kuna jambo ambalo ninaliomba kila mtu alizingatie. Kipimo hiki kinaipeleka injini hadi mwisho wa mzunguko, tena na tena. Injini ya 3L inatumia mkanda wa taimingi, unaozifanya valvu zifunguke na kufunga kwa zamu na pistoni, na mkanda ukikatika pale, valvu zinagonga pistoni na injini imekwisha. Kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT inayowaka kila kilomita 100,000, lakini gari lililopita mikono mingi huwezi kuamini taa hiyo, mtu anaweza kuwa aliizima bila kubadilisha mkanda. Tulibadilisha mkanda na beringi yake, tukarekebisha nafasi za valvu, tukamwaga oili ya zamani. Mkaguzi mzuri atakuuliza habari za mkanda kabla ya kukanyaga; akikosa kuuliza, mwambie wewe.

Mafuta yenyewe hayakutusumbua. Mwaka 2015 Afrika Mashariki ilishusha kikomo cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, na tunajaza kituo kimoja tunachokiamini. Tulibadilisha filta ya dizeli na kutoa maji yaliyotuama chini yake, basi.

Mwenye gari la petroli asifuate njia hii. Yeye aanze na taa ya injini kwenye dashibodi, plagi na sensa ya oksijeni, na akague kama kisafisha moshi, kile kichungi cha ndani ya bomba, bado kipo. Kina platinamu, paladiamu na rodiamu, na huwa kinatolewa gereji na kuuzwa huku mwenye gari akiambiwa “tumekusafishia ekzosi.” Ukiacha gari kwa fundi usiyemjua, piga picha ya chini yake kwanza.

Siku ya kipimo dereva alitoka Bombo mapema na kulipitisha gari barabara kuu kwa gia ya chini kuliko kawaida, ili injini ipate moto kamili na masizi ya zamani yaliyolala kwenye bomba yatoke. Injini baridi hutoa moshi zaidi, kwa hiyo tulimwomba mkaguzi asituweke foleni tukiwa tumezima. Alikubali. Kukanyaga kwa kwanza kulitoa wingu dogo, yaliyofuata yakawa mepesi, na karatasi ikatoka na namba chini ya 2. Nilimpigia Hajji simu nikiwa bado kwenye geti. Alinishukuru, kisha akaniuliza kama rangi nyekundu aliyoipaka juu ya skrubu ya pampu ilikuwa bado nzima.

Ilikuwa nzima. Sasa dereva anaikagua rangi ile kila Jumatatu anapopima oili, ili fundi yeyote wa njiani akiigusa skrubu tujue siku hiyo hiyo. Filta ya hewa tunaitoa kila mwisho wa mwezi, na miezi ya kiangazi, vumbi likizidi, kila wiki mbili. Shule imesema kipimo kitarudiwa mwanzoni mwa kila mwaka, na wenzangu wawili wa barabara hii wameshapeleka nozo zao Kiseka.