Kijikombe cha mjukuu

Baba mkwe hakosi barazani baada ya alasiri. Dele la kahawa chungu likizunguka, mwanangu wa miaka saba yupo ubavuni mwake na kijikombe chake. "Kidogo tu, mwanamume huyu." Mimi hunyamaza, mkwe haambiwi kila neno.

Juzi lakini, mjomba wake naye kamnunulia kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Saa nne usiku mtoto macho makavu, anaruka kitanda hiki na hiki. Mara akaja: "Mama, moyo unanienda mbio." Nikaweka mkono kifuani. Kweli, kama ngoma. Kalala saa saba, na asubuhi skuli kaenda akiburuta miguu.

Ndipo nikasoma. Kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye kahawa na kwenye kopo lile, huziba nafasi za adenosini, kemikali inayouambia ubongo umechoka. Uchovu upo, ila habari hazifiki. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipendekeza mtoto asizidi miligramu 3 kwa siku kwa kila kilo ya uzito. Wangu ana kilo 20, basi ni 60. Kopo la mililita 250 mara nyingi lina 80. Peke yake, kabla ya kahawa ya babu! Na chai ya rangi anayochovyea boflo asubuhi nayo imo kafeini.

Nikamwambia mkwe, kwa adabu. Akacheka: yeye kanywa tangu mdogo. Lakini jana nimechungulia, kijikombe cha mjukuu kina maji moto ya tangawizi na sukari. Mtoto anayapuliza, anakunja uso kama mzee.