Kisiwa cha jikoni kimenitoa jasho

Mamangu mtu wa Amu, siku nilipomwambia jiko langu la hapa Malindi litakuwa na kisiwa akanijibu "haya, na mashua ya kuvukia je?" Tukacheka, kikajengwa, kaunta katikati na sinki juu yake kama zile za vila za Waitaliano, mie roho kwatu.

Wiki ya pili, harufu. Sinki likimaliza kumwaga maji lakoroma gulu gulu gulu, halafu usiku jiko zima lanuka mtaro. Nikalaumu maganda ya kamba, nikamwaga maji ya moto, magadi, siki, wapi.

Fundi wa pili (wa kwanza simu zangu hashiki tena) akafungua kabati, akaguna. Ile paipu iliyopinda chini ya sinki, trapu, haikupindwa kwa urembo, pale panakaa maji kama inchi 2 hadi 4 hivi kuzuia hewa ya septiki isipande. Sasa yangu ikishapinda ilishuka wima moja kwa moja sakafuni na haina pa kupumulia. Akaniuliza, dada, ushawahi kuvuta maji ya pipa kwa mpira? Si yakishaanza kwenda yanavutana mpaka pipa likauke? Basi ndo hivo, sinki likijaa ukaling'oa kizibo, maji yanaondoka na yale ya kwenye trapu, mlango unabaki wazi.

Sinki la ukutani wapandisha paipu ya hewa mpaka juu ya paa, yaisha. Kisiwa hakina ukuta. Dawa hasa ni paipu ya hewa ipande mpaka karibu igonge kaunta, ipinde kama mkono wa ndoo, irudi chini, ipite chini ya sakafu hadi ukuta wa karibu ndo ipande paani. Lakini hiyo ni kazi ya kabla ya zege, na mie tailizi zangu zishalala!

Tukaweka valvu, kidude cha plastiki, maji yakivuta kinafunguka kuingiza hewa, yakitulia kinajifunga. Kikae juu ya paipu ya trapu angalau inchi 4, na trapu yenyewe akaibadilisha itoke kwa ubavu kwanza ndo ishuke. Ila kinaingiza hewa tu, hakitoi, kwa hivo lazima nyumba iwe na paipu moja wazi paani, yangu ni ya choo.

Kukoroma kumekwisha. Kidude chataka nafasi, na siku kikifa kifikiwe kibadilishwe, nikamwomba mama asikizibe na vyombo. Leo kufungua kabati, mbuzi yake ya nazi imekiegemea.