Tembo wa Tabora

Baba yangu mdogo alifundisha historia Tabora mpaka akastaafu, na sarafu aliyoitamani miaka yote ni moja tu: rupia 15 ya dhahabu ya mwaka 1916. Ilitengenezwa mjini kwao. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, fedha kutoka Ujerumani hazifiki, na Wajerumani hawakuwa na sarafu za kutosha kulipia mahitaji ya vita. Wakachukua dhahabu ya Sekenke, kule Iramba, wakaigonga katika karakana ya reli. Upande mmoja tai wa Kaizari. Upande wa pili tembo ameinua mkonga, mlima nyuma yake, na chini herufi T. Ziligongwa 16,198. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora.

Basi alipoiona kwenye mnada wa mtandaoni, hakulala. Muuzaji aliandika kwamba ni urithi wa babu yake aliyepigana Afrika Mashariki, akaeleza habari za karakana na Sekenke kwa ufasaha ambao ungempendeza mwalimu yeyote. Binamu yangu aliyeko Ujerumani ndiye aliyekuwa akimwekea dau. Akashinda, kwa fedha za kiinua mgongo.

Binamu alikuja nayo likizo. Baba mdogo akapanda basi hadi Dar es Salaam kuipokea, akaifungua mezani kwangu, akaijaribu kwa sumaku. Haikunasa. Akafurahi sana. Kesho yake tukaenda Kariakoo kwa sonara, kijana mtaratibu aliyemwamkia shikamoo na kumpa kiti kwanza.

"Marahaba, fundi. Sumaku haikuivuta," baba mdogo akamwambia.

"Hata shaba haivutwi, mzee wangu. Tuipime."

Mizani ikaonyesha gramu 4.1. Ya kweli ina gramu 7 na kidogo, kwa upana wa milimita 22, na yetu upana wake ulikuwa uleule. Hapo hakuna ubishi: dhahabu ni nzito, na shaba ya manjano ya ukubwa huo haiwezi kuufikia uzito wake. Baba mdogo akaomba ipimwe tena. Ikapimwa. Sonara akaomba ruhusa, akakwangua ukingo kidogo, akaisugua kwenye jiwe jeusi na kudondoshea tindikali. Mstari ukachemka, ukafutika.

"Imepakwa maji ya dhahabu tu, mzee. Pole sana."

Sijawahi kumwona mzee yule akikaa kimya namna ile. Kilichoniuma hata kuliko fedha ni kwamba jasho la watu waliochimba Sekenke na mafundi wa ile karakana lilikuwa limegeuzwa chambo. Mtapeli alijua hasa ni nani atakayeyasoma maelezo yale kwa moyo.

Jioni alirudia hali yake ya ualimu. Akataka picha zote za rupia 15 zilizokuwa mnadani, akazikagua kwa kioo cha kukuzia. Sarafu yetu ilikuwa na mkwaruzo nyuma ya sikio la tembo, umepinda mwishoni kama ndoana. Akaukuta mkwaruzo uleule, mahali palepale, kwenye sarafu mbili za wauzaji wawili tofauti. Sarafu za kweli hukwaruzwa kila moja kivyake, mifukoni na masandukuni. Zikifanana hadi kovu, basi zote zimetoka kwenye umbo moja, na aliyelitengeneza alinakili sarafu iliyokuwa tayari na alama hiyo.

Binamu akaituma picha ya mizani na za mikwaruzo kwa wenye mnada. Muuzaji wetu alijibu mara moja tu, kwamba ameuza kitu kama alivyokirithi, kisha akatoweka. Baada ya kuandikiana kwa muda mrefu, fedha zilirudishwa. Lakini zile mbili ndizo zilizomkosesha baba mdogo usingizi. Moja iliondolewa. Nyingine iliachwa mpaka muda wa mnada ukaisha, na ikanunuliwa. Jina la mnunuzi lilikuwa limefichwa kwa nyota, imebaki herufi ya kwanza na ya mwisho.

"Mwandikieni huyo mtu," baba mdogo akasema. "Mwambieni aipime kabla hajafurahi."

Hatukuwa na njia ya kumpata.