Macho Yangu Yalitiririka kwa Sababu Yalikuwa Makavu

Kaskazi ilipoanza kuvuma mwezi wa Desemba, macho yangu yalianza kutoka machozi, na kwa miezi minane iliyofuata hayakukatika, hata wateja waliokuja kuchukua nguo zao kwenye kibanda changu cha ushonaji, Mji wa Kale, wakawa wananipa pole wakidhani nimefiwa. Kazi yangu ni kudarizi shingo na vifua vya kanzu, kazi inayotaka jicho litulie juu ya sindano kwa saa nyingi. Siku moja tone la chozi liliangukia uzi wa rangi ya damu ya mzee, rangi ikavuja kwenye kitambaa cheupe, nami nikalazimika kukilipa kitambaa chote. Hapo ndipo nilipokubali kwamba hili si jambo la kupita.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejitibu kwa kubahatisha. Duka moja la dawa liliniuzia matone yenye steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe na wekundu, bila kuniuliza cheti cha daktari. Wekundu ulipungua kwa siku mbili tatu, kisha machozi yakarudi, nami nikanunua chupa nyingine, na nyingine tena. Jirani alinishauri nioshe kwa maji ya chai, na mwingine akaniletea wanja wa manga. Wanja niliukataa, na nashukuru, kwa kuwa baadhi ya wanja huo huwa na madini ya risasi.

Daktari wa macho niliyemwendea hatimaye alikuwa mama mtaratibu sana. Kwanza aliniuliza kama machozi yanatoka jicho moja au yote mawili, kama kuna usaha, maumivu au uoni hafifu, na kama mwanga unaniumiza. Kisha akanieleza kwamba katika pembe ya ndani ya kila kope, upande wa pua, mna tundu dogo sana ambalo machozi hupitia hadi kwenye kifuko, na kutoka hapo huteremka puani. Tundu au njia hiyo ikiziba, machozi hayana pa kwenda ila shavuni. Ili kuhakikisha, alinitia dawa ya ganzi, akaingiza kijibomba chembamba katika tundu lile na kusukuma maji ya chumvi polepole. Nilisikia ladha ya chumvi kooni kabla hata hajaniuliza. Njia ilikuwa wazi.

Akanitia rangi ya manjano machoni, akawasha taa ya buluu, akaniambia, "Fundi, usipepese mpaka nikwambie." Alihesabu, na kabla hajafika tano utando wa machozi ulikuwa umeshapasuka vipande vipande, ilhali ulipaswa kudumu sekunde kumi au zaidi. Mwisho aliubonyeza ukingo wa kope yangu ya chini kwa kijiti cha pamba. Tezi za ukingo huo hutoa mafuta mepesi kama mafuta ya kupikia. Zangu zilitoa kitu kizito, cheupe, mfano wa dawa ya meno.

Alichonieleza baadaye ndicho ninachotamani kila mtu anayetokwa na machozi akijue. Machozi si maji matupu: chini kuna ute unaoyashikamanisha na jicho, katikati maji, na juu utando mwembamba wa mafuta unaoyazuia yasikauke, kama mafuta yanavyotanda juu ya mchuzi. Tezi za mafuta zikiziba, maji hukauka upesi, jicho huwashwa, na mwili hujibu kwa kumwaga machozi mengi ya ghafla ambayo hayana mafuta ya kutosha, kwa hiyo nayo hayakai. Mimi nilikuwa nimeongeza mengine mawili: feni iliyokuwa ikinipulizia usoni kutwa, na mazoea ya kukodolea sindano bila kupepesa.

Tiba haikuwa ya gharama kubwa, ila ilitaka subira. Asubuhi na usiku nilichovya kitambaa safi cha pamba katika maji ya moto yasiyounguza, nikakikamua na kukiweka juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika kumi, nikikichovya tena kila kilipopoa. Baada ya hapo nilizikanda kope kwa kidole, ya juu nikielekea chini na ya chini nikielekea juu, kisha nikapangusa mizizi ya nywele za kope kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa. Machozi ya bandia, yaani matone ya kulowesha jicho, nilitia mara nne kwa siku. Feni niliigeuza ukutani, na kila nilipomaliza uzi mmoja nilifumba macho taratibu mara kumi. Wiki mbili za kwanza sikuona tofauti yoyote na nilikaribia kuacha. Wiki ya sita nilidarizi kifua kizima bila kushika leso.

Matone ya steroidi aliyasimamisha siku ile ile, akapima presha ya macho, akaikuta 24 katika jicho la kulia, wakati kiwango cha kawaida ni kati ya 10 na 21. Dawa hizo zikitumiwa ovyo huweza kuleta glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa kuonea, na mtoto wa jicho, na glakoma haikutangazii hodi. Presha yangu ilishuka hadi 16 baada ya kuziacha. Sijawahi kuogopa namba kama nilivyoiogopa ile 24.

Shangazi yangu alidhani atapona kwa vitambaa vyangu vya moto, lakini yake yalikuwa mengine kabisa. Jicho lake moja tu ndilo lililotiririka, na akibonyeza karibu na pua usaha ulitoka. Maji ya chumvi yaliposukumwa tunduni yalirudi yalikotoka. Yeye alihitaji upasuaji wa kufungua njia mpya kutoka kifukoni hadi puani, na sasa yu mzima. Kwa mtoto mchanga, njia hiyo mara nyingi hufunguka yenyewe kabla ya mwaka mmoja kwa kukandwa kama daktari anavyoelekeza.

Mimi bado naweka kitambaa cha moto kila usiku, kwa sababu tezi hizi huziba tena nikizembea. Kaskazi ya mwaka huu imeshaanza, na daktari ameniruhusu kuongeza machozi ya bandia hadi mara sita kwa siku, mradi yawe ya aina isiyotiwa kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia dawa isiharibike.