Barabara ya Saa Nane Usiku

Leo ni Jumapili, na kesho asubuhi mimi na mume wangu tutakwenda benki kulipa sehemu ya kwanza ya fedha za nyumba. Nimeona niandike kabla sijachukuliwa na shughuli za kuhama, kwa kuwa ndugu na wafanyakazi wenzangu wamekuwa wakiniuliza kwa nini imetuchukua karibu miaka miwili kuchagua mahali pa kuishi katika mji wa Moshi, mji ambao si mkubwa na ambao tumeujua kwa muda mrefu.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Kwetu ni Bukoba, mume wangu kwao ni Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya Moshi, na tuna watoto wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa miaka mitatu. Mume wangu anafundisha Tengeru, upande wa Arusha, nami ninafanya kazi Moshi. Kwa hiyo tangu mwanzo tulikuwa na barabara ya zaidi ya kilomita 60 katikati yetu, na kila mtu aliyetushauri alianzia hapo: tafuteni nyumba katikati ya safari, kila mmoja aumie nusu. Ni ushauri wa haki, na kwa kazi nyingine ungetosha. Kwangu mimi haukutosha, na sababu yake ni usiku mmoja ambao sijawahi kuuandika popote.

Nilipokuwa daktari kijana katika hospitali moja ya wilaya, mbali na hapa, nilipanga nyumba kilomita 14 kutoka kazini. Ilikuwa nzuri, kodi yake ilikuwa nafuu, na mwenye nyumba alikubali nilipe miezi sita badala ya mwaka. Usiku mmoja wa masika mkunga alinipigia simu kwamba kuna mama ambaye kondo la nyuma limeachia kabla ya wakati na mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka. Niliondoka ndani ya dakika tatu. Nilifika baada ya dakika 41, kwa sababu maji yalikuwa yamejaa kwenye kivuko na dereva wa pikipiki hakuthubutu kupita mpaka yapungue. Mama yule alipona. Mtoto hakulia. Hakuna aliyenilaumu, wala hakuna karatasi yoyote iliyoandika kwamba daktari alikuwa anaishi mbali, lakini mimi nilijua, na bado ninajua.

Mwongozo unaotumika katika nchi nyingi unasema kwamba mtoto anapokuwa hatarini, muda kutoka uamuzi wa kumpasua mama hadi mtoto kutoka usizidi dakika 30. Watu wanaposikia dakika 30 wanadhani ni nyingi. Ndani yake mama aeleweshwe na kukubali, mshipa wa dripu utafutwe, damu iagizwe, mpira wa mkojo uwekwe, ahamishiwe chumba cha upasuaji, adungwe dawa ya usingizi au ya ganzi ya mgongo, tumbo lisafishwe, ndipo kisu kifuate. Daktari anayeitwa kutoka nyumbani ana dakika kumi za kwake katika hesabu hiyo, labda kumi na mbili ikiwa timu imejipanga vizuri. Na kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, ambaye anaweza kufariki ndani ya saa mbili, kila dakika ya barabarani ni damu inayomwagika. Wenzangu wa macho au wa ngozi wanaweza kuishi wanakotaka bila kujiuliza swali hili. Mimi siwezi, na niliona ni afadhali nikiri hivyo mapema kuliko kununua nyumba nzuri ambayo kila usiku wa zamu ningeiogopa.

Hata hivyo tuliutendea haki ushauri wa katikati. Tulikwenda Usa River, tukakwenda na Maji ya Chai, tukaonyeshwa nyumba ya vyumba vinne yenye uwanja mpana na miti ya parachichi, kwa bei ambayo Moshi isingetupatia hata nusu yake. Mume wangu aliipenda sana. Mimi nilisimama getini nikawaangalia watoto wa jirani wanacheka. Meno yao yalikuwa na madoa ya kahawia, na mmoja wao, mkubwa kidogo, meno yake ya mbele yalikuwa yamemeguka. Mawe ya volkano ya Mlima Meru yanaachia floraidi, madini ambayo yakizidi huharibu meno, katika chemchemi na visima vya upande ule, na jina lenyewe la Maji ya Chai linatokana na rangi ya mto wake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo vya eneo hilo la Arumeru vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Kuchemsha hakusaidii, bali maji yanapopungua sufuriani floraidi hujikusanya zaidi. Pale Ngurdoto kuna kituo ambacho kwa miaka mingi kimefanya kazi ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na njia hiyo inafaa, lakini mkaa unahitaji kubadilishwa kwa wakati, na mwenye nyumba lazima awe mtu asiyesahau. Meno ya kudumu yanaharibika wakati yanapojengwa ndani ya ufizi, katika miaka ile minane ya kwanza ya mtoto. Wangu wana sita na mitatu. Siwalaumu wanaoishi kule, ambao wengi wamezaliwa pale na hawakuchagua, lakini sisi tulikuwa tunachagua, na sikuweza kuchagua hilo.

Boma Ng'ombe tulikwenda mara moja tu. Kutoka pale hadi Moshi barabara ina malori, mabasi na vibao vya kilomita 50 kwa saa kila penye makazi, na vibao hivyo vipo kwa sababu watoto wanavuka. Sitaki kazi ya kuokoa maisha inifanye nikimbize gari mbele ya shule ya msingi.

Basi mume wangu akasema, katika utulivu wake, kwamba safari ataibeba yeye. Mwanafunzi anaweza kumsubiri mwalimu robo saa. Nilitaka kubisha, nikashindwa, na mpaka leo naliona hilo kuwa zawadi kubwa aliyowahi kunipa.

Tulipoanza kutafuta Moshi mjini, nilijifunza kwamba neno daktari lina bei. Dalali akisikia simu yangu ikilia na mtu akiniita dokta, nyumba ya asubuhi inapanda ifikapo mchana. Watu wanaamini kwamba daktari ana fedha, na ninaelewa wanatoa wapi imani hiyo, kwa kuwa wanaona gharama za matibabu na wanadhani zinaishia mfukoni mwetu. Ukweli ni kwamba nilisoma miaka mitano, nikafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, nikafanya kazi, nikarudi darasani kwa ubingwa, na kwa miaka mingi asilimia 15 ya mshahara wangu imekuwa ikikatwa kurejesha mkopo wa elimu ya juu. Benki nayo inakopesha kwa hesabu ya kile kinachobaki, kwa kuwa makato yote yakijumlishwa lazima mtumishi abakiwe na angalau theluthi ya mshahara wake. Kwa hiyo tulikuwa na kiasi chetu, na kiasi hicho hakikuwa cha Shanty Town, ambao licha ya jina lake ni mtaa wa watu wenye uwezo. Nyumba moja tu ya kule ilitukaribia bei, chini ya mijakaranda mikubwa, na hati yake ilikuwa ya miaka 33 iliyobakiza minne. Ardhi ya nchi hii ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, nasi tunapewa hakimiliki kwa muda, ama 33, 66 au 99. Kuhuisha hati kunawezekana, lakini muuzaji alikuwa amekaa kimya kuhusu jambo hilo mpaka tulipofanya upekuzi kwa msajili, na ukimya ule ulinitosha kuondoka.

Upande wa chini wa mji, kuelekea Mabogini na mashamba yake ya mpunga, viwanja ni vya bei nafuu na ardhi ni tambarare. Joto ni kali, mbu ni wengi, na hospitali iko juu, kwa hiyo ningelazimika kukatiza mji mzima kila ninapoitwa. Huko hatukukaa muda mrefu.

Rau ndiko nilikoacha moyo wangu. Nyumba ilikuwa na kibaraza kirefu, na sauti ya maji iliingia mpaka chumbani. Niliipenda kabla sijafikiri, na nadhani hilo ndilo kosa ambalo watu wa kazi yangu wanalifanya kwa urahisi, kwa sababu tunachoka sana na mahali penye utulivu panatuvuta kwa nguvu. Mume wangu alipima kwa hatua kutoka ukutani hadi ukingo wa mto, akapata hatua 22. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Zaidi ya hapo, aliyekuwa akiiuza ni mtoto mmoja kati ya watano wa marehemu mwenye nyumba, na hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Nilimuuliza kaka yule kama dada zake wanajua. Akatazama chini. Nililia ndani ya gari, si kwa ajili ya nyumba peke yake, kwa kuwa nimewauguza wanawake wengi ambao nyumba za baba zao ziliuzwa hivyo hivyo bila wao kuulizwa.

Kilichobaki kilikuwa ni Uru, na hapa ndipo palipokuwa pagumu kuliko kote. Mama mkwe wangu ana kihamba, yaani shamba la ukoo, chenye kahawa na migomba, mfongo, ule mfereji wa asili wa maji, unapita pembeni, na mpaka wake umepandwa masale, mimea ambayo Wachagga huitumia kuweka mipaka na pia kama ishara ya amani na msamaha, tangu enzi za babu. Alituambia wazi kwamba sehemu yetu ipo, kwamba hakuna haja ya kukopa benki, na kwamba mjukuu anapaswa kukua akijua makaburi ya watu wake. Hakuna hata neno moja katika hayo ambalo lilikuwa si la kweli. Nilimwomba atupe nafasi ya kujaribu jambo moja kabla ya kumjibu. Mwezi wa nne mwaka huu, mvua ikinyesha, tulilala kwake, tukaamka saa nane usiku, mume wangu akashika saa, nami nikaendesha gari kana kwamba nimeitwa. Kipande cha njia kutoka kihambani hadi barabara kubwa kilikuwa tope tupu, gari likateleza mara mbili, na tulipofika kwenye lango la hospitali saa ilionyesha dakika 34. Tuliporudi, mama alikuwa amekaa jikoni karibu na moto, akitusubiri. Nilipiga magoti nikamwambia, "Mama, dakika 34." Nikamweleza habari ya yule mtoto ambaye hakulia. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza yule mama wa mtoto alikuwa anaitwa nani. Nilikuwa nalikumbuka jina, nikamtajia.

Baada ya usiku ule hakusema tena habari ya kujenga kihambani.

Nyumba tunayoilipia kesho iko upande wa Longuo. Si kubwa. Ina vyumba vitatu, paa lake linahitaji kubadilishwa mabati, na jikoni moshi wa miaka mingi umeacha alama ambayo rangi moja haitaiziba. Waliokuwa wakiishi humo ni mzee mstaafu na mkewe, ambao wanarudi kihambani kwao Marangu, na siku ya kwanza nilimwomba mzee kwamba mama naye awepo katika kila mazungumzo, kwa kuwa tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, na kwa kuwa nilitaka kuusikia moyo wake pia. Mzee alisema, "Mwanangu, umeuliza vizuri, maana jiko ni lake." Upekuzi ulitoka safi. Maji ya bomba niliyapeleka maabara, na floraidi iko chini ya kiwango. Tuliijaribu barabara usiku mara tatu, mara moja katika mvua: dakika saba hadi langoni, na mbili za kutembea.

Kuna jambo moja ambalo wenzangu wamenionya, nalo ni kwamba ukiishi karibu hivi na hospitali, na majirani wakajua kazi yako, lango litagongwa. Mtoto ana homa, mjamzito ana maumivu, mtu anataka kusomewa karatasi ya vipimo. Nimelifikiria kwa makini, kwa kuwa daktari asiyelala naye ni hatari kwa mgonjwa wa asubuhi. Tumekubaliana kwamba siku ninayotoka zamu mume wangu au dada wa kazi ndiye atakayefungua, na kwamba wa dharura ataelekezwa hospitali moja kwa moja, ambako kuna watu na vifaa, badala ya kupoteza muda kibarazani kwangu. Lakini mjamzito anayevuja damu akigonga, nitafungua mwenyewe.

Jana mama mkwe alituma kijana na bodaboda. Alileta miche mitatu ya migomba iliyofungwa kwenye gunia bichi, na sale moja lenye mizizi. Nimeyaweka kivulini na kuyamwagilia, kwa sababu hatuwezi kuyapanda mpaka mzee atukabidhi funguo, na mche wa mgomba haupendi kusubiri sana.