Maombolezo kwa Mistari 16: Theolojia na Hip Hop ya Andagraundi

Ninafundisha Agano la Kale katika chuo kimoja cha theolojia nje kidogo ya mji wa Arusha, na tangu kabla ya kuajiriwa huko nimekuwa nikichana mistari katika hip hop ya andagraundi, ile ya mtaani iliyo nje ya soko kubwa la muziki, kwa jina ambalo halikuandikwa kwenye mlango wa ofisi yangu. Wenzangu wa chuoni hunishauri kwa upole kwamba mchungaji aliyebarikiwa, tena mwenye shahada ya uzamivu, hana sababu ya kukesha studio na vijana wa mtaani. Baadhi ya wasanii nao huamini kwamba mtu wa joho na vitabu ataishia kuwahubiria tu. Sichagui upande. Kwangu kazi hizi mbili zimekuwa kazi moja, na kitabu kilichonifundisha hivyo ni Maombolezo.

Wakristo wengi wanakijua kitabu hicho kwa zile aya chache za sura ya tatu kuhusu rehema za Bwana zilizo mpya kila siku asubuhi, ambazo huimbwa makanisani na kuchapwa kwenye kalenda. Kisichoonekana katika Biblia ya Kiswahili ni namna kilivyojengwa. Sura nne za kwanza zimefuata alfabeti ya Kiebrania yenye herufi 22, kila aya ikianza na herufi inayofuata, na sura ya tatu inakaza kamba zaidi, kwani humo kila herufi imepewa aya tatu, jumla aya 66. Yerusalemu umebomolewa na jeshi la Babeli, mwaka 587 au 586 kabla ya Kristo, watoto wanazimia kwa njaa kwenye njia za mji, na mshairi bado anahesabu herufi. Halafu inakuja sura ya tano: aya ni 22 zilezile, lakini mpangilio wa alfabeti haupo tena.

Mwanafunzi ambaye hajawahi kutunga hata ubeti mmoja huuliza kwa nini mtu mwenye uchungu kiasi hicho ajisumbue na ufundi. Emsii, yaani mchanaji, aliyewahi kukaa na biti usiku kucha, akitafuta jinsi ya kuuingiza msiba wake ndani ya mistari 16, urefu wa kawaida wa ubeti wa rap, bila vina kumtoroka, hana haja ya kuuliza. Uchungu usio na mipaka humfanya mtu anyamaze au apige kelele. Ukipewa kipimo, unasemeka, na mwingine anaweza kuusikia hadi mwisho.

Studio tunayorekodia ni chumba kimoja cha kupanga, kuta zake zimefunikwa kwa vipande vya magodoro, na feni huzimwa kila mtu anaposhika maiki kwa sababu mvumo wake unaingia kwenye rekodi. Humo nilimsikiliza kijana aliyempoteza kaka yake katika machimbo ya tanzanaiti kule Mirerani. Alieleza tochi ya kichwani, kamba, vumbi la baruti na simu iliyopigwa nyumbani alfajiri, kina kimoja kikirudi kila baada ya mistari minne, kisha akamaliza kwa kumuuliza Mungu alikuwa wapi. Biti iliendelea, yeye akanyamaza. Prodyuza alinigeukia: “Mwalimu, mwambie dogo aongeze hata mistari miwili ya matumaini, watu wa redio wasije wakaukataa wimbo.” Nilisema uachwe kama ulivyo.

Sikusema hivyo kwa kudharau ushauri wake, maana ushauri huo una historia ndefu na yenye heshima. Aya ya mwisho ya Maombolezo inaacha wazi hofu kwamba Mungu amewakataa watu wake kabisa, na katika desturi ya sinagogi msomaji akishafika hapo hurudia aya inayotangulia, ile ya kuomba kurudishwa, ili usomaji usiishie kwenye maneno mazito namna hiyo. Hata hivyo, hakuna aliyethubutu kuifuta aya yenyewe. Ndiyo maana nimebaki andagraundi na sikuhamia nyimbo za injili, ambako ubeti wa tatu unatarajiwa kuleta jibu hata kama aliyefiwa bado hajalipata. Katika kilinge, vijana wakiwa wamesimama duara na kuchana kwa zamu, swali linaruhusiwa kubaki swali.

Wala sidai kwamba nimegundua jambo jipya. John Mbiti, mwanatheolojia mkubwa aliyezaliwa Kitui, Kenya, aliitambua theolojia ya mdomo, inayozaliwa na waumini wa kawaida katika nyimbo, sala na mazungumzo, sambamba na ile ya maandishi. James Cone, mwanatheolojia Mmarekani mweusi, katika kitabu chake cha 1972, alisoma nyimbo za kiroho za watumwa wa Marekani pamoja na bluzi, akakataa kuona ukuta kati ya wimbo wa kanisani na wa mtaani. Mwaka 2011 msomi wa dini Anthony Pinn alifundisha somo la dini na hip hop pamoja na mwanarap Bun B katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, na mwaka 2016 Mwenda Ntarangwi alichapisha kitabu kizima kuhusu mwanarap Juliani, mwana wa Dandora, Nairobi, aliyetokea kundi la hip hop la Ukoo Flani Mau Mau. Na kabla ya hao wote, pwani yetu ilikuwa na Al-Inkishafi, utenzi ambamo mshairi anaikanya nafsi yake mbele ya majumba ya Pate yaliyogeuka magofu. Theolojia yenye vina si mgeni kwetu. Kinachonisumbua ni kwamba katika maandiko mengi ya kitaaluma msanii huchunguzwa, hunukuliwa na kufafanuliwa, lakini ni nadra kuulizwa kama yeye mwenyewe anakubaliana na ufafanuzi huo.

Usomi nao umeidai hip hop yangu mambo magumu. Umenizuia kumtaja mtu kwa kosa nisiloweza kulithibitisha, hata pale kina kinaponisihi, na umenifundisha kutofautisha hasira ya nabii Amosi, aliyetaja mizani ya udanganyifu na maskini waliouzwa kwa jozi ya viatu, na matusi ambayo hayamtetei yeyote. Zaidi ya hayo nimejiwekea sheria isiyo na msamaha: neno nililoambiwa kama mchungaji haliingii kwenye mistari, hata nikibadilisha jina na mji, kwa sababu mwenye siri atajitambua.

Kuhusu kupandishwa cheo, makala katika jarida huhesabiwa na wimbo hauhesabiwi, nami nimelikubali hilo bila kinyongo. Ninalolipigania ni darasa. Nimependekeza kwamba katika somo la vitabu vya hekima na maombolezo mwanafunzi aweze kuwasilisha ombolezo lake mwenyewe, kwa utenzi, kwa wimbo wa kwao au kwa mistari 16, likiambatana na ufafanuzi wa kurasa kumi unaoonyesha amejifunza nini kutoka kwenye muundo wa Kiebrania, alama zikigawanywa nusu kwa nusu. Baadhi ya walimu wenzangu wanauliza, na wana haki ya kuuliza, uchungu wa mtu utasahihishwaje. Nimewajibu kwa maandishi kwamba sitasahihisha uchungu. Nitasahihisha ufundi na usomaji wa matini. Kikao cha idara hakijaamua, na nimeombwa nilete mfano. Nitapeleka ule ubeti wa Mirerani, kwa ruhusa ya mwenyewe, naye amesema angependa awepo siku utakaposikilizwa.