Nilivyopata wa kunigharamia kesi ya deni la hoteli

Deni lilikuwa shilingi milioni 38: milango na vitanda nilivyoitengenezea hoteli moja ya pwani ya mashariki, hapa Unguja. Karatasi za kupokelea mzigo zina saini zao, lakini kila nikipiga simu, mhasibu kasafiri. Wakili nilishampata, pesa za kumlipa ndizo sina. Mkopo wa benki sikuutaka, maana benki hudai chake ushinde ushindwe, na riba juu.

Nikamwendea ami yangu, si wa damu, muuza mbao wa Mwanakwerekwe. Nikamwambia: lipia kesi hii, nikishinda una fungu, nikishindwa hunidai. Uingereza na Marekani zipo kampuni kubwa zinazofanya biashara hiyo, ila madai ya fundi seremala hawayatazami.

Hakuuliza kama nina haki. Aliuliza, "Hao wana kitu?" Akaenda mwenyewe hotelini, akaagiza soda, akakaa kutazama magari ya watalii yanavyoingia. Aliporudi: "Watalipa hao, mwanangu. Ila mimi nataka nusu."

Nusu, kwa soda moja! Nikamsimulia kisa cha Posta ya Uingereza. Mawakala 555, kina Alan Bates, waliishitaki baada ya kusingiziwa upotevu wa pesa kwa makosa ya kompyuta, na kesi ikalipiwa na wafadhili. Disemba 2019 wakapatana kwa pauni milioni 57.75. Wafadhili na mawakili walipochukua chao, wenye kesi wakabakiwa na kama milioni 12 tu. "Ami, ushindi wa namna hiyo siutaki." Akashuka hadi robo.

Robo ya nini, hapo ndipo penye mambo. Tukaandika kwamba kwanza anarejeshewa alichotoa, kisha anachukua robo ya kinachobaki, wala si ya jumla, na fungu langu lisipungue nusu ya kitakachopatikana. Wakili akaongeza mawili: yeye ni wakili wangu hata kama analipwa na ami, na kupatana au kutopatana ni uamuzi wangu peke yangu. Sheria ya zamani ya Kiingereza, alitwambia, ilimchukia mtu wa nje anayeiendesha kesi ya mwenzie. Uingereza yenyewe iliacha kuhesabu jambo hilo kuwa kosa mwaka 1967 tu. Lililotukalisha hadi magharibi ni hili: tukishindwa, mahakama ikaamuru tuwalipe wao gharama zao, nani atoe? Tukakubaliana nusu kwa nusu.

Hati ya madai ilipowafikia tu, mhasibu akarudi safari. Wakatoa milioni 30 kwa awamu tatu. Ami alitaka tungoje hukumu. Mimi nilikuwa na mafundi wanaodai mishahara, nikakubali. Gharama zilikuwa milioni 4.4, ikabaki 25.6: yeye 6.4, mimi 19.2. Alinuna wiki nzima, kisha akaniuliza kama namjua mwengine mwenye deni la hoteli.